Kwa Nandi, Anayekwenda Kwenye Mji wa Wauza Vitambaa

Mwanangu Nandi,

Mwalimu wangu wa shule ya msingi alitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu, ikafuata hali ya mwandishi, kisha dhumuni. Salamu nilikupa asubuhi. Hali yangu unaijua, situlii mahali pamoja. Tangu wewe na baba yako mlipotoka kwenda Orlando, kule Soweto, kumuaga bibi yako mzaa baba, nimefagia jiko lililokwisha kufagiliwa, nimefua shuka safi, nimefungua geti na kulifunga bila kumwona mtu yeyote. Sasa nimejilazimisha kuketi. Nimesogeza cherehani pembeni, nimepata nafasi ya karatasi, na ninaanza na dhumuni kabla sijainuka tena.

Dhumuni ni lile swali lako la jana.

Tulikuwa tunakula. Ulikuwa unajipakulia mchuzi, ukauliza taratibu kama mtu anayeomba chumvi: "Mama, nisiporudi, utanisamehe?" Baba yako akacheka. "Eish, mtoto huyu! Hata ndege hajapanda." Mimi nikainuka nikaenda kuanua nguo. Uliniona nikiziingiza ndani bado zinachuruzika maji. Ungeuliza kwa Kiingereza ningekuambia acha upuuzi, kula. Lakini uliuliza kwa Kiswahili, wewe ambaye tangu tuhamie nchi hii nikikusemesha Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Nikajua hutanii, na nikaogopa.

Mambo ya sweta na soksi sitayaandika. Mama Furaha ameshakueleza yote. Hajawahi kukanyaga Ulaya, ametoka Bukavu, Kongo, akaja moja kwa moja hapa Johannesburg kusuka nywele katika chumba cha duka tunachopanga pamoja Rosettenville, lakini ukimsikiliza utadhani alizaliwa kwenye theluji. Mtii tu. Ukimbishia atakupigia simu mpaka huko.

Mimi nataka kukuambia kuhusu mji wenyewe, hiyo Barcelonnette yako. Mjomba wako wa Morogoro bado anawatangazia watu kwamba mpwa wake anakwenda kwenye ile Barcelona ya mpira, nami nimechoka kumsahihisha. Nimemwambia ni mji mdogo wa Ufaransa, uko bondeni, umezungukwa na milima mirefu, na unakwenda kuwasaidia walimu wa Kiingereza katika shule ya pale. Akaniuliza, "Sasa mji mdogo, milima pande zote, anafuata nini? Si angekuja huku?"

Wewe unadhani siujui mji huo. Kile kitabu chenye picha walichokutumia, ulikisahau dukani ulipokuja kujaribu koti. Mama Furaha akakichukua. Mteja wake alikuwa amekaa kwenye kiti anasukwa, mimi niko kwenye cherehani na sare za shule, na yeye akawa anasoma kile Kifaransa na kukigeuza Kiswahili chake cha Kongo huku mikono inasuka. Siku hiyo nilishona mkono wa shati ndani nje, nikaufumua, nikaushona vilevile tena. Nilikuwa nasikiliza.

"Weye Mama Nandi, sikia!" alisema. "Hii mji iko sawa na kwetu. Milima, milima, na baridi. Batu balikuwa nafuga kondoo. Wakati ya theluji hakuna kazi, basi banafuma sufu, banabeba vitambaa mugongoni, banashuka kuuza kule chini."

Unaona, Nandi? Ni watu wa vitambaa. Hilo ndilo lililonishika kabla ya kingine chochote. Miaka mingi wanaume wa bonde lile walishuka na mizigo yao kila majira ya baridi, wakazunguka tambarare wakiuza, theluji ikiyeyuka wakarudi kulima na kuchunga. Hakuna aliyewaona wasaliti. Kuondoka kulikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kisha wachache wakavuka bahari kwenda Meksiko, wakafungua duka la vitambaa. Likakubali. Wakamwita mpwa, mpwa akamwita jirani, jirani akamwita shemeji. Vijana wa bonde zima wakaanza kwenda, kizazi kwa kizazi. Mgeni akifika alianza kwa kufagia, akilala pale pale dukani, chini ya kaunta. Mama Furaha aliposoma hapo aliweka kitana chini akacheka mpaka machozi. "Kumbe na bazungu! Mie nilipofika hapa Joburg nililala chini ya meza ya saluni ya dada yangu. Nilikuwa naamuka na manywele ya batu mukinywa."

Baadhi yao walitajirika sana. Maduka madogo yakawa maduka makubwa ya ghorofa, wengine wakajenga na viwanda. Na wenye uwezo waliporudi kwao walijenga majumba. Umeyaona kwenye picha, yale yenye vibaraza na bustani, yamepangana kando ya barabara kama wageni waliovalia harusi. Leo ni sehemu ya utajiri wa mji. Watalii wanakuja kuyatazama, wanakuja pia kuteleza kwenye theluji, na kiangazi kuna sherehe yenye muziki wa Kimeksiko katikati ya milima ya Ufaransa. Wale waliorudi, wenzao waliwaita Wameksiko.

Nilipolisikia hilo nilizima cherehani.

Baba yako unamjua kama mtu wa mzaha, lakini mwaka ule tuliokuja, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, hakuwa na mzaha. Alikuwa ameondoka Orlando kijana mdogo. Kule Mazimbu, walikokuwa wakiishi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, karibu na kwetu Morogoro, kila siku alinisimulia mtaa wao. Nyumba kwa nyumba. Nani ana mbwa gani, nani anauza nini dirishani. Nilimpenda kwa sababu ya masimulizi hayo, nakuambia kweli, maana mtu anayekumbuka mlango wa jirani kiasi kile hawezi kuwa mtu mbaya. Basi tukarudi. Nasema tukarudi, wakati mimi na wewe tulikuwa tunakwenda. Alipokelewa kwa ng'ombe na nyimbo, na baada ya wiki kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Binamu zake wakaanza kumwita Mtanzania. Kizulu chake kilikuwa cha zamani, vijana walikicheka. Jioni alikuwa anasimama getini kwa mama yake anaangalia barabara, nami nilidhani anamngoja mtu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anautafuta ule mtaa alionisimulia.

Nisubiri, maji yanachemka.

Nimerudi. Upepo umeanza tena, ule wa kabla ya mvua, na vumbi la njano la machimboni limeingia mpaka kwenye sukari. Utalikumbuka vumbi hili, wala usijidanganye kwamba hutalikumbuka.

Nilikuwa nasema juu ya baba yako kwa sababu ni rahisi kumsema yeye. Sasa nijiseme mimi.

Mimi nilikuja Johannesburg nikakaa kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti. Ulikuwa mdogo, labda hukuona. Madirisha ya nyumba hii ya Troyeville tuliyaziba kwa khanga miaka kadhaa, na mimi ni fundi wa mapazia! Majirani walikuwa wakinipa kazi ya kushona mapazia yao, wanakuja kuchukua, wanaona khanga zangu zimening'inia kwa misumari, wanalipa kwa adabu. Baba yako aliniuliza mara moja, "Mama Nandi, kwa nini hutushonei na sisi?" Nikamjibu kwamba mapazia yetu yapo, ya Morogoro.

Na kweli yalikuwepo. Nilikuwa najenga Morogoro. Nilikuwa nampelekea mjomba wako kila nilichobakiza, anainua ukuta, ananisomea vipimo vya madirisha kwenye simu, nami nashona. Kabla paa halijapandishwa, mapazia yalikuwa tayari. Ya sebuleni yenye bitana, ya chumba cha bibi yako mzaa mama, rangi ya majani kwa kuwa aliipenda, na ya chumba chako. Ndiyo, una chumba Morogoro. Sikukuambia kwa sababu nilitaka siku moja nikufungulie mlango uone. Nilijua mpaka kitanda kitakaa upande gani. Wakati huohuo hapa, ulipokuwa ukisoma, ulikuwa unafanyia kazi za shule sakafuni kwa sababu nilisema meza ya nini, hatukai sana.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sitakupa hotuba juu yake. Nakuomba tu, ukifika huko, hata kama ni kwa miezi michache, weka pazia. Nunua kikombe ambacho hutaweza kukipakia. Wafahamu watu kwa majina. Mwanamke wa Kireno mwenye duka la mikate karibu na sisi, mimi nilimsalimia kwa kutikisa kichwa tu muda mrefu mno, nikijiambia nitaondoka karibuni, na siku nilipokaa naye nikagundua tungeweza kuwa tumecheka miaka yote hiyo.

La pili ndilo gumu, nalo ndilo lililonifanya nianue nguo mbichi.

Siku tuliyoondoka Morogoro, bibi yako alinisindikiza mpaka kwenye basi. Wewe ulikuwa umelala mgongoni kwa baba yako, mtoto mkubwa wa miaka tisa, aibu tupu. Nilikuwa nalia. Nikamwambia, "Mama, nikikawia kurudi, unisamehe." Akanifuta uso kwa upande wa khanga yake akasema, "Nimeshakusamehe tangu sasa. Nenda na mumeo, usigeuke nyuma."

Nandi, nililipokea neno lile kama zawadi. Nilitembea nalo. Kila nilipopiga simu kwenye duka la jirani yake, aliitwa, akaja, akasema, "Sisi hatujambo. Usijisumbue. Una watoto wa watu wa kuwashonea." Nikimwuliza juu ya nyumba mpya, aliniambia, "Nzuri mno, mwanangu, tunakaa kwa raha." Likizo ikifika nilikuwa na kazi za harusi, na Krismasi ikifika nilikuwa na sare za shule. Nikawa najiambia mama hajambo, amenisamehe, anakaa kwa raha. Nilikwenda mara chache kuliko nilivyoweza kwenda. Kila mara nilimkuta kwenye nyumba yake ya zamani, akaniambia anapumzika tu pale karibu na majirani zake, nami nikalala naye palepale bila kuuliza sana. Nilikuwa na haraka ya kupima milango.

Alipofariki nilifika baada ya mazishi. Unakumbuka nilivyoondoka, na kiatu kimoja sikukifunga. Watu walipotawanyika, mjomba wako alinipa ufunguo. Nikafungua nyumba ile. Mapazia yangu yalikuwa yametundikwa, kila moja mahali pake. Upande wa ndani rangi ilikuwa ileile, upande wa nje jua lilikuwa limeyachoma yakawa meupe. Ndani hakukuwa na harufu ya mtu. Sikuona hata doa la chai.

Nikamwuliza kaka yangu, "Mama alilala chumba gani?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Mama hajawahi kulala humu, dada. Tulimwomba. Alikuwa anakuja kufagia na kufungua madirisha, jioni anafunga anaondoka. Alisema mwenye nyumba ndiye wa kulala kwanza, isomwe dua, ndipo wengine waingie. Alisema atakungoja wewe uifungue."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utahangaika."

Hapo nimeinuka tena, nimezunguka meza. Ningekuwa na sigara ningevuta, mimi nisiyevuta.

Sasa unaelewa kwa nini kile kitabu kilinikaa rohoni. Mama Furaha alifika mahali wanaposema juu ya yale majumba. Wapo walioyajenga wakazeeka humo, wakapanda miti, wakazikwa pale pale kwenye makaburi ya fahari kuliko nyumba za watu wengine. Wapo waliobaki Meksiko, na wajukuu zao mpaka leo wapo huko. Na majumba mengine, alisema Mama Furaha, "banafungua madirisha wakati ya vacances, ya likizo tu, kisha banafunga." Mteja wake akasema, "Sharp, sawa, nipeni mimi nikae." Wakacheka. Mimi nilikwenda nje nikasimama pale kona karibu na robot, kama wanavyoita huku taa za barabarani, zinabadilika, watu wanavuka, mimi sivuki.

Silaumu kijiji cha mama yangu wala desturi zetu. Desturi ya mwenye nyumba kulala kwanza ni nzuri, inampa mtu heshima yake. Na mama yangu hakunificha kwa ubaya. Alinipenda, akanifungulia njia, akaipanua kiasi kwamba sikuona tena sababu ya kugeuka. Wala sijui kama ningerudi endapo angeniambia ukweli. Labda ningepiga kelele kwamba ananibana. Lakini ningejua kuna mtu ananingoja kwa hasira na kwa hamu, na kujua hivyo ni kitu. Mimi nilichokuwa nacho ni msamaha, na msamaha ule ulinifanya niamini kwamba sihitajiki.

Wiki iliyopita nilimpigia mjomba wako. Nimemwambia mwalimu mmoja wa shule ya jirani aingie na watoto wake katika nyumba ile. Alisita, akaniuliza, "Bila wewe kulala kwanza?" Nikamwambia asome dua yeye, mimi nitaitika amina kutoka huku. Hivyo kile chumba chako sasa kina watoto wawili, na mmoja wao, nimeambiwa, ameshachora ukutani. Nimekwambia haya ili usibebe nyumba ile mgongoni ukiwa huko. Hakuna mlango wowote Morogoro unaokungoja ufunguliwe na wewe. Nilidhani nitaumia. Niliumia kidogo, kisha nikanunua kitambaa, na hayo mapazia uliyoyaona sebuleni juzi ukaniuliza nimepatwa na nini, ndiyo hayo.

Basi jibu lako.

Hapana, Nandi. Usiporudi sitakusamehe, si kwa upesi huo. Nitakulalamikia. Nitakupigia simu Jumapili nikuambie mgongo unaniuma, nyumba imepoa, baba yako ameunguza wali tena. Siku utakayonisikia nasema "hatujambo, usijisumbue," ujue kuna jambo, uniulize tena, na nikikataa umpigie Mama Furaha, yule hawezi kuficha kitu hata akilipwa. Lakini malalamiko yangu usiyafanye amri. Ukipata kazi huko, ukapata mtu, ukapata mlima unaokufaa, kaa. Wewe utakaa na mimi nitakasirika, na hasira yangu usije ukaituliza kwa kupanda ndege usiyotaka kupanda. Ni hasira ya mama. Nimeitengeneza mwenyewe na nitaishi nayo.

Kuna jambo nilimwuliza Mama Furaha alipofunga kile kitabu. Nilimwuliza, "Na mama zao?"

"Bamama gani?"

"Mama za wale vijana waliokwenda kulala chini ya kaunta."

Akafungua tena, akapekua mbele na nyuma, na mteja akaanza kulalamika kwamba kichwa kimesukwa nusu. "Hapana," akasema. "Juu ya bamama habasemi kitu."

Wameandika nani alirudi na nani hakurudi, nani alijenga na nani alizikwa wapi. Hakuna aliyeandika kama kulikuwa na hata mama mmoja aliyefunga mzigo wake, akapanda meli, akaenda Meksiko kumwona mwanawe analala wapi. Nadhani hakuna aliyewaita, nao wakaona haya kujialika.

Ijumaa nilipokuambia naenda mjini kununua zipu, nilikwenda kupiga picha ya pasipoti. Pasipoti yangu ya zamani iliisha muda wake baada ya msiba wa bibi yako wa Morogoro, na sikuhangaika kutafuta nyingine kwa sababu sikuona tena pa kwenda. Picha imetoka vibaya, macho yamenitoka kama mtu aliyekamatwa. Baba yako ameiona akasema nisiipeleke, wataninyima viza. Nitaipeleka hivyo hivyo.

Nawasikia mmefika, baba yako anabishana na kufuli la geti. Nitakunja barua hii niiweke ndani ya koti lako, mfuko wa ndani, ule nilioushona mara mbili. Kesho uwanja wa ndege usiniulize swali tena, sitaweza kujibu mbele ya watu. Nitalia tu, nawe utaona aibu.

Usiporudi, nakuja.

Mama yako,
Zuhura